Asilimia Kumi na Nane

Nilifeli mtihani wa kodi. Sentensi hiyo nimeiandika na kuifuta asubuhi nzima, kwa sababu miaka yote hii nimekuwa nikiwaambia watu kwamba mtihani uliahirishwa. Haukuahirishwa. Ulifanyika siku yake, saa yake, katika ukumbi wake, nami nilikuwemo, nimevaa blauzi yangu ya bahati, nikajibu maswali yote kwa mwandiko mzuri, nikafeli. Nimewahi kualikwa chuo kikuu kuzungumza na vijana kuhusu uaminifu katika kazi ya uhasibu, na kijana mmoja wa mstari wa mbele akaniuliza kama nimewahi kufeli mtihani wowote maishani. Nikamwambia, "Kuna mmoja uliahirishwa." Wakapiga makofi. Mpaka leo sijui walikuwa wakipigia makofi nini, ila nakumbuka nilitabasamu kama mtu anayestahili.

Ningeendelea kukana mpaka kaburini kwangu, kama si kaburi la mwingine. Mwezi uliopita tulimzika CPA Kamande huko Gatuanyaga, mashariki ya Thika, mahali ambapo vumbi huingia mpaka kwenye meno. Herufi hizo tatu ndizo anazopewa mhasibu aliyefuzu, lakini Kamande alizivaa kama watu wengine wanavyovaa Daktari au Mchungaji. Thika nzima ilimwita CPA, hata mkewe, na mchungaji naye alimrudishia Mungu "roho ya mtumishi wako, CPA." Alikuwa mwajiri wangu wa kwanza nchini Kenya. Mshereheshaji aliposoma kwamba marehemu "aliwalea wahasibu wengi kwa mkono wa upole," Njoki, aliyekuwa karani wa ofisi yetu wakati ule, alinikanyaga mguu chini ya kiti cha plastiki. Kisha tukapanga foleni ya chakula: wali, nyama yenye viazi, kabichi, na mukimo wa kijani, yaani viazi vilivyopondwa na majani, uliopakuliwa kwa kijiko kikubwa kama koleo. Tukaketi kwenye ukingo wa hema, sahani mapajani.

"Sema ukweli, Bongo," Njoki akasema. Bongo ni jina alilonipa siku ya kwanza kwa sababu nimetoka Tanzania, na hajawahi kuniita lingine. "Ule mtihani wako wa kwanza, si ulianguka?"

"Uliahirishwa."

"Wacha! Ile message ya matokeo ni mimi niliifungua. Ulikuwa umeacha simu kwa desk ukaenda choo."

"Ulijua miaka yote hii?"

"Si nilikuwa nangoja uniambie. Kula mukimo, inapoa."

Basi, nimesema. Na kwa kuwa nimeanza, niseme na jingine: sikwenda mazishini kumsamehe CPA Kamande. Nilikwenda kwa sababu ni adabu, na kwa sababu mukimo wa Gatuanyaga ni mzuri. Watu wa umri wangu tunatarajiwa kulainika mbele ya jeneza, tuseme kila mtu alikuwa na upande wake. Alikuwa nao. Nilifanya kazi upande huo mwaka mzima, naujua vizuri.

Sababu iliyonileta Kenya ilikuwa mwanamume, nami nilishamrudisha alikotoka. Hana nafasi katika sura hii. Nilikuja na sanduku moja na cheti cha uhasibu nilichokipata Tanzania kwa miaka sita ya kusoma usiku, na kipande cha gazeti kilichosema nchi zetu zimekubaliana kutambua wahasibu wa kila upande. Nilikisoma kipande hicho kama mtu anayesoma mwaliko wa harusi. Nikapanda ngazi za ofisi ya chama cha wahasibu mjini Nairobi, nikamkuta dirishani mwanamke mmoja mwenye miwani iliyoning'inia kwenye mnyororo, aliyeitwa Madam Adhiambo, nikamwekea cheti mbele yake kwa mikono miwili, kama ninampa mtoto mchanga.

"Hii tunaitambua," akasema.

"Kwa hiyo naweza kuanza kazi?"

"Hapana, dada. Tunaitambua, ndiyo sababu sikwambii urudi ukaanze na debit na credit."

Kutambuana, nilianza kuelewa, si kukaribishana. Madam Adhiambo alinieleza taratibu, na namshukuru kwamba hakunificha kitu. Kwanza chama changu cha nyumbani kiandike barua kwamba mimi ni mwanachama halali nisiye na kesi ya nidhamu, na kiitume chenyewe, isipitie mkononi mwangu. Cheti nilichokuwa nimekitia plastiki kwa mapenzi pale Morogoro hakikufaa, maana muhuri haushikiki. Niagize nakala nyingine. Halafu nifanye karatasi mbili tu za mtihani, sheria ya kampuni ya Kenya na kodi ya Kenya. "Debit ni debit popote," akasema, "lakini kodi kila serikali inajipikia yake." Mwisho, nifanye kazi mwaka mmoja chini ya mhasibu wa hapa mwenye leseni, naye ajaze fomu na kutia sahihi kwamba kazi niliifanya mimi, kwa mikono yangu.

"Na baada ya hapo?"

Akavaa miwani yake ndipo akanijibu, kana kwamba jibu lilikuwa limeandikwa usoni kwangu. "Baada ya hapo unapata leseni. Unafungua ofisi. Unasaini hesabu za watu kwa jina lako."

Kwa jina langu. Sikutaka kingine mwaka ule. Watu hudhani nilitaka pesa, au nilitaka kumwonyesha yule mwanamume aliyenileta kwamba naweza. Labda kidogo. Lakini nilikuwa na miaka thelathini na mbili, na tangu nianze kazi kila ukurasa nilioufanyia hesabu ulikuwa umeondoka mezani kwangu ukiwa na sahihi ya mwanamume fulani chini yake. Nilitaka kuona ukurasa mmoja ukiondoka na yangu.

CPA Kamande alinichukua kwa sababu nilikuwa rahisi. Ofisi yake ilikuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi katikati ya Thika. Ukipanda ngazi unapita mabati na mifuko ya saruji, na kufikia saa nne nywele zetu zilikuwa na mvi za vumbi la kijivu. Chumba cha mbele kilikuwa na meza mbili, yangu na ya Njoki, na nyuma ya ukuta wa mbao nyembamba kulikuwa na chumba cha CPA chenye kiti cha ngozi na kalenda za benki za miaka iliyopita. Ukuta ule haukuzuia kitu. Nilijifunza Thika kwa kupitia ukuta ule: nani anamkimbia nani, nani ameoa tena, nani ana vitabu viwili vya mauzo. Wateja walipokuja kuchukua hesabu zao nilimsikia akiwaambia, kwa sauti nzito ya mtu aliyekesha, "Hii kazi nimeiangalia mimi mwenyewe, laini kwa laini." Njoki alikuwa akiinua macho darini na kusema kwa midomo tu: laini kwa laini. CPA hakuwa amefungua faili.

Mchana Njoki alinipeleka kwenye kibanda nyuma ya soko kula chapati na madondo, yaani maharage, na huko ndiko nilikopata elimu ambayo haikuwa kwenye silabasi. "Wewe usiseme 'naomba chai,'" alinifundisha. "Sema 'nipatie chai.' Ukisema naomba, atafikiri hauna pesa." Nikamwambia kwetu anayesema nipatie ni mlevi au mjumbe wa nyumba kumi. Akacheka mpaka mwenye kibanda akaja kuuliza. Ilinichukua miezi kuacha kuomba. Nilipoacha, nilishangaa jinsi chai inavyokuja haraka.

Nilikuwa nikilala Mwihoko, upande wa Ruiru, katika jengo la kupangisha la bibi mmoja aliyeitwa Shosho Wanja. Chumba changu kilikuwa chini, mlango wa buluu, kitanda, jiko la gesi, na meza niliyoifanya kwa kreti za soda. Watoto wa jengo zima walikuwa wakipiga mpira kwenye korido, na kila goli lilikuwa mlango wangu. Siku ya kwanza nilimsalimia Shosho shikamoo, akamgeukia jirani akamuuliza kwa Kikuyu kama mimi ni mgonjwa. Kisha akaniuliza kazi yangu.

"Mimi ni mhasibu, Shosho."

"Wa serikali?"

"Hapana. Mhasibu tu."

"Ni kitu moja hiyo," akasema, na kwa wiki mbili hakuketi langoni nilipokuwa nikipita. Lakini kuta za Mwihoko ni nyembamba kama za Thika, na alinisikia jioni nikisoma sheria ya kodi kwa sauti, maana ndivyo ninavyosoma, kama mwanafunzi wa madrasa. Taratibu akaanza kuleta kiti chake mlangoni kwangu, na kikombe cha uji, na kusikiliza. "Umefika wapi?" aliuliza jioni moja.

"Nimefika kwa wenye nyumba za kupangisha."

"Hiyo ruka."

"Siwezi kuruka, Shosho. Inaweza kutoka kwenye mtihani."

"Basi soma pole pole, lakini usipige kelele. Kuna watu wanapita kwa barabara."

Nilijua sheria ile kuliko Wakenya niliofanya nao mtihani. Nasema hivi bila aibu kwa sababu haikunisaidia. Mkono una kumbukumbu yake. Swali kubwa la siku ile lilikuwa la VAT, kiwanda cha kufikirika kinachouza mikoba ya kufikirika, na nilipoliona nilifurahi kama mtu aliyekutana na rafiki wa zamani stendi. Nililijibu bila kufikiri. Kisha la mishahara, nalo vivyo hivyo. Nikatoka mapema, nikashuka Ruiru, nikaingia supamaketi kujinunulia soda ya kujipongeza. Msichana wa mashine akanipa risiti, nikaitazama kama ninavyotazama risiti zote, maana mhasibu husoma risiti kama mlevi anavyosoma lebo. VAT, asilimia kumi na sita.

Kumi na sita. Kwetu ni kumi na nane. Nilikuwa nimekitoza kile kiwanda kumi na nane kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, na nikakumbuka pale pale, soda mkononi, kwamba hata mishahara nilikuwa nimeikata kwa viwango vya nyumbani. Nilijibu sawasawa kabisa. Niliijibu nchi nyingine. Nyuma yangu mtu akasema, "Madam, unasonga ama?" nikasonga. Nilimwambia Shosho mtihani umeahirishwa. Nikawaambia na majirani. Matokeo yalipokuja wiki kadhaa baadaye, sheria ya kampuni nimefaulu na kodi nimefeli, nikaendelea kusema umeahirishwa, maana uongo ukishapata makazi ni kazi kuuhamisha.

Siku hizi vijana hunijia, Waganda, Wakongo, juzi dada mmoja kutoka Addis Ababa, na bahasha zao za vyeti. Wengi wanakuja wamekasirika kwamba watatahiniwa upya kama watoto, na mimi huwaambia msikasirikie mtihani. Nchi ina haki ya kukuuliza kama unajua sheria zake kabla haijakuruhusu kusaini mbele ya wakulima wake. Mimi nilistahili kufeli. Ningewatoza watu wa Thika kodi ya Morogoro. Hasira wekeni akiba kwa yule anayeshika kalamu ya kuwathibitisha na kuwaambia inategemea. Huyo ndiye wa kupigana naye.

Siku chache baada ya matokeo yale, CPA aliita jina langu kupitia ukuta. Alinionyesha kiti lakini alianza kusema kabla sijaketi. "Nimepiga simu huko kwa chama. Hakuna kitu iliahirishwa."

Nikaketi.

"Si vibaya. Kenya si Bongo. Sikiza, msichana." Nilikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mbili mwenye kiuno kinachouma. "Hiyo fomu yako ya mwaka mmoja, wacha tusiharakishe. Nipatie miaka mitatu zaidi. Unajifunza, unakomaa, halafu nasaini."

"Tulikubaliana mwaka mmoja."

"Tulikubaliana ukipita mtihani."

"Hatukusema hivyo."

"Imeandikwa wapi?" akauliza, na akatabasamu, kwa sababu haikuwa imeandikwa popote, na yeye na mimi tulikuwa watu wa kazi ambayo kisichoandikwa hakikutokea. Nikamwambia mtihani nitaurudia mwisho wa mwaka, na kwamba mwaka ukitimia nitamletea fomu mezani. "Na nikikataa?" akauliza. Niliinuka, nikasema, "Utaona," neno la mtoto aliyenyang'anywa karanga, nikarudi kwenye meza yangu. Njoki alikuwa amekwisha kunimiminia chai. Alikuwa amesikia yote, kama kawaida, na hakusema chochote kuhusu mtihani. Leo najua kwa nini.

Miongoni mwa wateja wa CPA kulikuwa na sosaiti ya maziwa ya Gatuanyaga, ushirika wa wafugaji wadogo, ng'ombe wawili watatu kila boma. Ukaguzi wake niliufanya mimi. Nilikwenda kwa pikipiki, nikashuka nikiwa na rangi moja na barabara, nikasimama kwenye tangi la kupozea alfajiri wakulima wakileta madebe, nikaangalia kila lita inavyopimwa na kuandikwa. Sosaiti ilikuwa imepoteza maziwa mengi mwaka ule, na daftari la meneja lilisema yaliharibika stima, yaani umeme, ilipopotea. Nilichukua daftari la jenereta nikalilaza kando ya lile la maziwa. Siku nyingi ambazo maziwa "yaliharibika," jenereta haikuwashwa kabisa, na bili ya umeme ilionyesha tangi lilikuwa likinguruma mchana kutwa. Hayo maziwa hayakuharibika. Yaliuzwa. Niliandika hivyo, kwa lugha ya ukaguzi ambayo ni ya upole kama ya daktari wa saratani. CPA akapitisha kalamu juu yake. "Hii ni ya kuongea na meneja kwa chai," akasema. "Wakulima haiwahusu." Akasaini.

Mkutano mkuu wa sosaiti ulikuwa mwisho wa mwaka, kwenye uwanja wa shule, chini ya hema. Kama hujawahi kuhudhuria mkutano wa ushirika sehemu zile, jua kwamba hakuna lolote linalokuwa kweli mpaka mmoja apendekeze na mwingine aunge mkono. Wao husema propose na second. Hata sala ya kufungua ilipendekezwa na kuungwa mkono. Katibu, mwalimu mstaafu mwenye kofia ya pamba, anaandika kila neno, na kisha kikao kizima hukaa kimya kumsubiri amalize. CPA alikuwa meza kuu na koti lake la kijivu. Mimi niliambiwa nikae nyuma na faili, nisizungumze.

Hesabu zikasomwa. Walipofika kwenye maziwa yaliyoharibika, akasimama mama mmoja mfupi aliyevaa sweta ya wanaume, Mama Ndung'u, ninayemkumbuka kwa sababu debe lake ndilo lilikuwa la kwanza kila alfajiri.

"Mimi niko na swali kwa CPA. Hapa stima ikipotea, mimi ndio wa kwanza kujua, kwa sababu niko na vifaranga chini ya taa. Hiyo mwezi wa sita mnasema maziwa iliharibika, vifaranga wangu walikuwa sawa. Sasa iliharibikia wapi?"

Kicheko kidogo. Meneja akaanza kupekua karatasi ambazo hazikuwa na kitu. Watu wa nyuma wakaanza kusimama. "Jibu, CPA!" "Si ulisaini?" "Kwani ulikuwa unasaini nini?"

CPA akainuka, akafunga kifungo cha koti. Nimemtazama mara nyingi kichwani mwangu akikifunga kifungo kile. "Wanachama," akasema, "tusikose heshima. Mimi ni mtu mmoja, ofisi iko na kazi nyingi. Hii kazi yote, kutoka mwanzo mpaka mwisho, ilifanywa na yule msichana pale nyuma. Mtanzania. Kila ukurasa ni yake. Kama kuna kitu hakiko sawa, muulize yeye."

Hema zima likageuka. Sijawahi kutazamwa na watu wengi namna ile walio tayari kunila. Nilisimama kwa sababu kukaa kulikuwa kubaya zaidi. Nikasema ni kweli, kazi ni yangu, kila ukurasa. Isipokuwa kuna aya moja niliyoiandika ambayo haipo kwenye mlichosomewa. Kisha nikaisema aya ile. Sikuisema kwa upole wa ukaguzi. Nilisema siku ambazo tangi lilikuwa likifanya kazi, nikasema jenereta ilikuwa imelala, nikasema swali la Mama Ndung'u ndilo swali langu, na anayeweza kulijibu ameketi meza kuu na ana funguo za chumba cha tangi.

Kilichofuata sitakieleza chote. Palikuwa na kelele, kiti kilivunjika, na meneja akaondoka kupitia upande ambao hema halina mlango. Mwenyekiti alipowatuliza, Mama Ndung'u alikuwa bado amesimama.

"Mimi napropose iandikwe," akasema. "Iandikwe vile CPA amesema kwa mdomo wake, ati hii kazi yote ni ya huyu. Na iandikwe vile huyu amesema. Ili kesho mtu asigeuke."

"Nasecond!" wakasema kama watu arobaini, na katibu akasema anahitaji mmoja tu, tafadhali.

Mama Ndung'u hakuwa akinitetea. Alikuwa hajui bado nani mwizi, na alitaka kuwa na majina ya watu wa kukamata. Lakini nilimtazama katibu akiandika, na hema zima likimngoja, na nikakumbuka swali la CPA: imeandikwa wapi.

Tulirudi Thika kwenye gari la CPA. Aliponishusha alisema, akitazama mbele, "Umeniharibia mteja. Jumatatu usikuje." Mwaka wangu ulikuwa umebakiza siku chache utimie, na siku za likizo ambazo sikuwahi kuzichukua zilikuwa nyingi kuliko hizo. Nikamwambia basi nichukulie niko likizo. Alifunga dirisha. Sikumpelekea fomu mezani. Jumatatu nilikwenda kwa katibu, nikamkuta akikamua ng'ombe, nikamwambia nipatie nakala ya kumbukumbu za mkutano, zenye muhuri. Alinipatia, akasahihisha na alama moja ya mkato mbele yangu.

Nilirudia mtihani wa kodi. Juu ya kila ukurasa, kabla ya kuandika lolote, niliandika kwa penseli: UKO KENYA. Nilifaulu. Matokeo yalipofika mwanzo wa mwaka niliyapeleka Nairobi pamoja na kumbukumbu za sosaiti, nikazipitisha dirishani.

Madam Adhiambo alizisoma akiwa amesimama, kisha akaketi akazisoma tena. "Hii ni nini?"

"Ni uthibitisho wa mwaka wangu wa kazi."

"Dada, tunataka fomu, na sahihi ya msimamizi."

"Msimamizi amekataa fomu. Lakini ametoa ushuhuda mbele ya wanachama wote, ukapendekezwa na ukaungwa mkono. Jina lake liko hapo."

"Naona. Na kiti kimevunjika, naona pia." Mdomo wake ulikuwa ukihangaika kubaki mahali pake. "Sikuahidi kitu."

"Sijaomba ahadi. Nipatie muhuri wa kupokea."

Akagonga muhuri. Kisha nikangoja. Wakati nikingoja niliwaandalia hesabu mama wa saluni na fundi wa friji wa Mwihoko, ambao hawakujali nina herufi ngapi mbele ya jina. Shosho alizoea kuketi mlangoni na kuwaambia wapita njia kwamba mgeni wake anangoja serikali. Nilijiambia kila asubuhi kwamba wakikataa nitaanza upya, kwa mhasibu mwingine, mwaka mwingine, na kila asubuhi niliamini kidogo kuliko jana.

Simu ilipolia nilikuwa nakaanga vitunguu. Niliipokea kwa kiwiko na bega.

"Ni Adhiambo hapa, wa chama. Tumempigia CPA Kamande."

"Akasemaje?"

"Kwanza alisema hukufanya kitu kwake, ulikuwa wa kupiga photocopy. Sasa mimi nikamsomea yale maneno yake ya Gatuanyaga. Nikamwambia, CPA, kuna mambo mawili. Ama uliwadanganya wanachama kwa mkutano mkuu, na hiyo ni kesi ya nidhamu, ama unanidanganya mimi saa hii. Chagua."

"Alichagua?"

"Kwanza aliuliza kama naandika. Halafu akasema ni wewe. Kila ukurasa." Nilisikia karatasi zikigeuzwa. "Kamati imepitisha. Sasa nijazie hapa, tumalize. Utafanya kazi chini ya ofisi ya nani?"

"Yangu."

"Inaitwa?"

"Tumaini Mhina."

"Hilo ni jina lako."

"Ndilo."

"Haya. Iko wapi?"

Nilitazama kitanda, kreti za soda, kamba ya nguo. Mpira ukagonga mlango. "Mwihoko," nikasema. "Jengo la Shosho Wanja, chini, mlango wa buluu."

"Tumaini, hiyo ni ofisi ama ni nyumba?"

"Kuanzia sasa hivi ni ofisi," nikamwambia, nikazima jiko.